Pua ya Malkia Anne

Habari hii niliisikia kwenye foleni ya samaki, na tangu siku hiyo haikunitoka kichwani. Ivy Clamp, jirani yangu wa ukuta mmoja, alinigeukia na kuninong'oneza kwa ile sauti yake ya kunong'ona inayosikika hadi kituo cha reli.

"Mama Nell, umesikia? Watu wa Baraza la Mji wataingia majikoni. Wanatafuta wafalme."

"Jikoni kwangu kuna mfalme gani, Ivy? Yuko mume wangu Wilf tu, naye hata birika haoni lilipo."

"Wa kwenye vijiko, mwenzangu! Wakimkuta mfalme ana uji kidevuni, unapelekwa mbele ya Kamati."

Nilicheka, nikachukua samaki wangu, nikaenda zangu. Nilipofika nyumbani nikamkuta binti yangu Nell mezani. Malkia Anne alikuwa na uji kidevuni, kwenye mashavu na ndani ya nywele. Kicheko kikakatika.

Kila nyumba ya zamani hapa Hobworth ina kijiko cha namna hiyo. Msidhani ni fedha. Ni bati la kale, zito na laini, rangi yake kama mawingu ya Novemba. Mwisho wa mpini, pale panapokaa kidole gumba, pamechongwa sura ya mfalme au malkia wa enzi kilipotengenezwa. Kwa akina Clamp wako William na Mary, wamebanana kama watu wawili chini ya mwavuli mmoja. Kwetu yuko Anne, peke yake. Mtoto akibatizwa anakabidhiwa kijiko cha nyumba, naye anakilia chakula mpaka apate mtoto wake. Mama yangu alikilia, nami nikakilia, na sasa ni zamu ya Nell, ambaye ana miaka minne.

Majira ya baridi yaliyopita Nell aliugua kifaduro, na kilipomwacha kikamwachia mifupa tu. Chakula hakutaka. Kilichomrudisha mezani ni Anne. Walikula kwa zamu: Nell anakula kijiko kimoja, kisha anakigeuza, anamchovya malkia kichwa chote ndani ya uji na kumlamba. Kijiko kingine Nell, kingine malkia. Mimi sikuingilia. Mtoto aliyekuwa akikataa hata pudini anapokula, mama hamuulizi anakula na nani.

Jumamosi uvumi ukaacha kuwa uvumi. Bwana Horace Pobjoy, Karani wa Mji, alipanda ngazi za Ukumbi wa Mji, akapiga kengele, akatusomea:

"Kwa kuwa Kanali Haxby, mwakilishi wa Mfalme katika jimbo letu, atakula chakula cha mchana katika Ukumbi huu; na kwa kuwa imebainika kwamba nyuso za kifalme zimekuwa zikiingizwa vinywani mwa raia bila kibali; Baraza limeunda Kamati ya Kudumu ya Nyuso za Kifalme katika Vyombo vya Mezani. Vijiko vyote vyenye nyuso vitasalimishwa. Vyenye nyuso kamili vitatumika siku ya chakula. Vyenye nyuso pungufu vitahifadhiwa kama ushahidi. Yeyote atakayethibitika kusababisha uso wa kifalme kupoteza umbo, kwa matumizi, kwa uzembe au kwa mapenzi, hatashika kijiko katika hafla yoyote ya umma kwa mwaka mzima, na muda huo wote atavaa aproni na kuosha vyombo vya Ukumbi. Sharti hili halibagui cheo."

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, karibu na duka la nyama. "Na stempu je, bwana mkubwa? Mfalme tunamlamba kisogo kila tukituma barua!"

Bwana Pobjoy hakucheka. Alitoa kalamu. "Kamati ndogo ya Stempu itaundwa," akasema.

Mimi niliona ni mpango wa busara. Nchi ilikuwa imetoka vitani, sukari bado ilipatikana kwa kadi, paa la shule lilikuwa linavuja juu ya vichwa vya watoto. Katika hali kama hiyo lazima mtu aanze mahali, na Baraza lilichagua kuanza na vijiko.

Mkaguzi wa Nyuso aliyetumwa mtaani kwetu alikuwa Bwana Lionel Tipping. Kabla ya hapo alikuwa mkaguzi wa mitaro, na alikuja na viatu vilevile. Kilichobadilika ni glavu nyeupe na kioo cha kukuzia. Aliingia jikoni wakati Nell anakula, akavua kofia mbele ya kijiko, akainama kidogo.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni Anne," akasema Nell.

"Malkia Anne," nikamsahihisha haraka.

Bwana Tipping akamfuta malkia uji kwa leso yake mwenyewe, akaweka kioo, akatazama mpaka nikaanza kutokwa na jasho. "Bibi Furness, pua iko wapi?"

"Imelika, bwana. Kijiko ni cha siku nyingi. Kimepita kwa bibi, kwa mama, kwangu..."

"Sikutumwa kusikiliza ukoo, nimetumwa kupima nyuso." Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Daraja la nne. Uso hauwezi kutofautishwa na kiazi. Nakichukua kama ushahidi, na wewe utaitwa."

"Anne hajamaliza kula," Nell akamwambia.

Bwana Tipping alifikiri sana. Nadhani masharti yake hayakuwa na jibu la hilo. "Malkia atamalizia Ukumbini," akasema hatimaye, akamtia Anne ndani ya mfuko wa flana na kutoka kinyumenyume, maana ilikuwa imeamuliwa kwamba mkaguzi hampi mgongo kiongozi wa nchi.

Kuanzia hapo Nell akafunga mdomo. Nilimjaribu kwa kijiko cha mti na kwa kijiko cha haradali. Nikamjaribu kwa kidole changu kilichochovywa kwenye jamu ya kadi ya mwezi mzima. Wilf alirudi kutoka kazini, akachukua kijiko cha kawaida na penseli, akakaa na ulimi nje kama mwanafunzi, akachora malkia mwenye taji.

Nell akakitazama. "Huyo ni Baba amevaa kofia."

"Nimekosea wapi?" Wilf akaniuliza, kaumia kabisa.

"Masharubu, Wilf. Kwa nini umemchora masharubu?"

"Nilidhani ni kivuli."

Wiki ikaenda hivyo, kwa maziwa mafunda machache na kelele nyingi. Gauni lake la kanisani likaanza kumkaa kama limetundikwa msumarini. Usiniambie mtoto akishikwa na njaa atakula. Aliyewahi kumshika mtoto mgongoni akahesabu mifupa kwa vidole hazungumzi hivyo. Nikajifunga kitambaa nikaenda ofisini kwa Bwana Pobjoy.

"Bwana Karani, mtoto wangu hali. Nirudishie kijiko, hata kwa kuazima."

"Mtoto," akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni njia, "hayumo katika hadidu za rejea za Kamati."

"Lakini yumo nyumbani kwangu, na anakonda."

"Bibi Furness, tuangalie picha pana. Kijiko chako si kijiko tena, ni kielelezo. Kielelezo hakiwezi kula uji. Shauri lako la pua litasikilizwa siku ya chakula cha Kanali, baada ya pudini. Njoo umenawa."

"Nije na mtoto?"

"Njoo na maelezo."

Nilikwenda na mtoto.

Siku yenyewe tuliwekwa kwenye benchi la ujiani nje ya jikoni, mimi na Nell mapajani, mlango wa jikoni wazi upande mmoja na mlango wa chumba cha chakula wazi upande wa pili. Kwa hiyo ninayoyaeleza sikusimuliwa na mtu. Harufu ya supu ya nyama ilikuwa inapita mbele yetu kama mtu tajiri.

Jikoni alikuwa Mabel Stott, mpishi wa Ukumbi, mwanamke mpana asiyependa kuingiliwa. Kama kawaida ya huku kwetu, sahani zilikuwa zinapashwa moto, maana hata nyumba ya kimaskini haimpi mgeni chakula kwenye sahani baridi. Mara akaingia Bwana Pobjoy amevaa glavu nyeupe, amebeba sinia la vijiko vilivyong'arishwa. William walikuwemo, Mary walikuwemo, Anne wenye pua walikuwemo, wote wakitazama dari. Vijiko vya kawaida vya Ukumbi alikuwa amevihamishia shuleni, ng'ambo ya mto, visije vikachanganyika na damu ya kifalme.

"Bibi Stott, hivi navyo vipashwe."

"Vijiko? Tangu lini?"

"Sahani ya moto, kijiko cha baridi! Unataka mwakilishi wa Mfalme apate mshtuko wa mdomo?"

"Mi nataka nafasi kwenye oveni yangu, bwana. Haya, nipashe kwa joto gani?"

"Joto la heshima."

"Oveni yangu haina heshima. Ina namba."

Bwana Pobjoy akainama, akazisoma namba zote, akafikiri juu ya vyeo. "Namba ya juu kabisa," akasema. "Tusionekane tumebania." Akaliingiza sinia mwenyewe na kufunga mlango wa oveni. "Na usiuguse. Kwa mujibu wa masharti, nyuso zinaguswa na Karani peke yake."

"Sigusi," akasema Mabel, akaketi na kukunja mikono.

Kanali Haxby alifika. Alikuwa mzee mwenye masharubu meupe, na njaa ilionekana wazi usoni pake. Alisafiri tangu asubuhi na hakuificha. Wote wakaketi. Supu ikaletwa. Bwana Pobjoy akasimama kutoa neno fupi la kukaribisha.

Alianza na enzi za William. Akaingia kwenye uaminifu, akatoka, akarudi tena kwa mlango mwingine. Akasema kwamba taifa linalolinda uso wa mfalme wake limelinda kila kitu. Kanali alikuwa anaitazama supu yake kama mtu anayetazama treni ikiondoka. Huku kwetu, kutoka ndani ya oveni, nikasikia tone. Kisha jingine.

"Dada Mabel," nikaita polepole, "kuna kitu kinadondoka."

"Nimeambiwa nisiguse," akasema. "Sijagusa."

Makofi yalipokwisha, Bwana Pobjoy akaja jikoni na kitambaa cha hariri mkononi, akafungua oveni kama anafungua kanisa.

Ndani ya sinia hapakuwa na kijiko. Palikuwa na dimbwi moja la kijivu, limetulia, linang'aa kama kioo. William alikuwa ameingia ndani ya Mary, Mary ameingia ndani ya Anne, na wote wameingia kwenye kona ya sinia, na kile kilichozidi kilikuwa kinaendelea kudondokea pai iliyokuwa rafu ya chini. Uso pekee uliokuwemo ulikuwa wa Bwana Pobjoy mwenyewe, ameinama anajitazama.

Mabel akachungulia juu ya bega lake. "Mh. Vimepata joto."

Kutoka chumba cha chakula sauti ya Kanali ikauliza, "Jamani, kijiko?"

Bwana Pobjoy akanyooka. Kwa kweli nilimheshimu. Hata rangi ilipomtoka, lugha haikumtoka. Alisimama mlangoni akawatangazia: "Waheshimiwa, vijiko vimeahirishwa."

"Mpaka lini?" akauliza Kanali. "Supu inaganda."

Ndipo nikamwona Karani anageuza macho kuelekea sanduku la ushahidi, lililokuwa mezani tayari kwa ajili ya shauri langu. Vielelezo vingine vilikuwa vipini tupu, maana watu wengi walisalimisha vilivyovunjika na kuficha vizima. Kijiko kilichoweza kubeba supu kilikuwa kimoja tu. Akakitoa kwenye flana, akakipangusa kwa kiwiko, akakipeleka kwa Kanali juu ya mto wa mahameli, akiwa amefunika pale penye pua kwa kidole gumba.

Nell akateleza kutoka mapajani mwangu. Nilimshika gauni, kumbe nimeshika kitambaa kitupu, kikaniponyoka, maana alivyokonda gauni lilimpwaya kote. Nilipofika mlangoni alikuwa ameshasimama kando ya kiti cha Kanali, kidevu juu ya meza.

"Huyo ni Anne wangu, Babu."

Bwana Tipping akaanza kuinuka. Kanali akamwashiria akae.

"Ni Anne wako? Mbona hana pua?"

"Nimeila."

"Yote?"

"Nyingine alikula Mama alipokuwa mdogo. Mimi nimemalizia."

Kanali akakitazama kijiko mbele na nyuma, masharubu yakitikisika. "Basi mnajuana sana. Unaniruhusu nimwazime?"

Nell akafikiri. "Kwa zamu," akasema. "Kimoja chako, kimoja chake, kimoja changu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwakilishi wa Mfalme akanywa kijiko kimoja, akakigeuza kama alivyoelekezwa na kumchovya Malkia kichwa ndani ya supu, kisha akampa Nell, na Nell akanywa. Akanywa tena! Nilijishika kwenye fremu ya mlango. Wajumbe wa Baraza, walipoona mkubwa amekubali, waliinua sahani zao kwa mikono miwili wakanywa kama ng'ombe mtoni, na kwa muda hapakusikika kitu ila kufyonza.

Kanali aliponiona akauliza, "Na huyu mama amesimama hapo kwa nini?"

"Ni mshtakiwa, mheshimiwa," akasema Bwana Pobjoy.

"Kafanya nini?"

"Pua, mheshimiwa. Pua ya Malkia imepotea ikiwa chini ya uangalizi wake."

"Loh. Na adhabu yake ni ipi?"

Sasa hapo Bwana Pobjoy angeweza kunyamaza. Lakini yale masharti aliyatunga mwenyewe, anayapenda, na hakuna aliyewahi kumwomba ayatamke mbele ya mtu mkubwa kiasi kile. Akavuta pumzi akayatamka kwa kichwa, kwa sauti ile ya ngazini: "Yeyote atakayethibitika kusababisha uso wa kifalme kupoteza umbo, kwa matumizi, kwa uzembe au kwa mapenzi, hatashika kijiko katika hafla yoyote ya umma kwa mwaka mzima, na muda huo wote atavaa aproni na..." Alipofika kwenye vyombo sauti ikaanza kushuka, kama redio inayoondolewa chumbani. "...sharti hili halibagui cheo," akamalizia, na ni waliokaa karibu tu waliosikia.

Mabel akapita katikati yetu akiwa ameshika sinia kwa vitambaa viwili. Akaliweka mezani mbele ya Kanali. "Na hawa je, bwana Karani?" akasema. "Wao wamekosa pua tu, au kuna kingine?"

Watu wakainuka kutazama. Yule aliyeuliza habari ya stempu karibu na duka la nyama, ambaye alikuwa mjumbe wa Baraza siku zote bila sisi kujua, akasema, "William wangu yuko wapi humo?" na hakuna aliyeweza kumwonyesha.

"Mheshimiwa," akasema Bwana Pobjoy, "kitaalamu lazima tutofautishe kati ya kuchakaa na kuyeyuka."

"Haya, tutofautishe," akasema Kanali. "Ni kupi kulikobakiza uso?"

Shauri lilisikilizwa palepale, maana ratiba ilisema baada ya pudini na pudini lisingeweza kuliwa bila kijiko. Mimi nilionekana sina kosa la kutosha, nikarudishiwa kijiko changu. Kamati ikapiga kura kwa kunyoosha mikono, na Bwana Pobjoy, kwa kuwa ndiye katibu, akauandika uamuzi dhidi yake mwenyewe kwa mwandiko mzuri sana na kuupigia mstari. Bwana Tipping akamfunga aproni kwa nyuma. Hakumpa mgongo.

Lile bonge la bati limetundikwa ukutani Ukumbini, na chini yake pameandikwa: Wafalme na Malkia, Pamoja. Ivy Clamp huenda kila Jumamosi kuwaonyesha watu kipande cha kushoto. "Kile pale ni cha kwetu," anasema, "tazama kilivyobanana." Bwana Pobjoy yuko kwenye sinki. Mkienda kwenye hafla mtamwona anakula kastadi kwa uma. Anasema ndio mtindo wa Paris. Kamati ndogo ya Stempu haijakaa, kwa sababu mwitaji wa vikao mikono yake ina sabuni.

Nimeyaandika haya kwa ajili ya akina mama wenzangu, wa hapa na wa miji mingine yenye makarani. Mjiepushe na haya:

Kucheka uvumi wa kwenye foleni ya samaki.

Kupasha bati la kale kwenye oveni, hata kwa namba ndogo.

Kumuuliza mtu mwenye cheo joto liwe kiasi gani.

Kumwachia Wilf penseli.

Kumwomba karani atamke masharti yake, isipokuwa kama umebeba sinia.

Kumwacha mtoto alambe au atafune kijiko cha zamani, kama nilivyomwacha wangu. Nesi wa mtaa aliposikia habari ya pua alikuja mbio, akamkagua Nell ufizi na kumchukua damu. Tumeambiwa yu salama. Lakini nesi amesema bati la kale mara nyingi limechanganywa na madini ya risasi, na risasi humdhuru mtoto kimyakimya. Sasa Nell anakula kwa kijiko cha kawaida cha dukani, na anakula vizuri. Malkia Anne anasimama kwenye kikombe mbele yake, anamtazama tu. Kamati ya Nyuso ilikaa vikao vingi kuhusu kile ambacho mtoto anaweza kumfanyia malkia. Kile ambacho malkia anaweza kumfanyia mtoto hakikuwa kwenye ajenda.